Atakumbuka nini mtoto wako wa miaka mitatu?

KILA likizo ya shule inapokaribia, swali moja hurudi kwenye mabenchi ya kliniki ya watoto hapa Morogoro. Safari hii liliulizwa na mama aliyekuwa akisubiri mwanawe apimwe uzito. Mtoto ana miaka miwili na miezi kumi. Yeye na mumewe wamekuwa wakiweka akiba kwenye kikoba, na mpango wao ni kupanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, walale kwa ndugu usiku mmoja, kesho yake wampeleke mtoto Kunduchi kwenye mabwawa ya kuteleza ya Wet 'n' Wild.

"Fedha nyingine tunazo, nyingine itabidi tukope," alisema. "Ila nataka kujua kwanza. Huyu atakumbuka?"

Pembeni yake alikaa baba mmoja aliyempakata binti wa miaka miwili na nusu. Alisikiliza kimya mpaka mama yule alipoitwa ndani. Kisha akauliza swali lile lile kwa namna yake. Yeye ni mgonjwa, na kila baada ya wiki kadhaa anasafiri kwenda kwenye matibabu. Alimtazama binti yake, akasema kwa sauti ya chini: "Na mimi nikiondoka, huyu atanikumbuka?"

Mpenzi msomaji, maswali haya mawili hayalingani uzito, lakini jibu lao linatoka mahali pamoja. Kumbukumbu ya mtoto mdogo haidumu kwa sababu tukio lilikuwa kubwa au la gharama. Hudumu kwa sababu kuna watu wanaoendelea kulizungumza tukio hilo naye. Anayelijua hili hatakopa ili amfurahishe mtoto wa miaka miwili, na pia hatasema "bado mdogo, atasahau" pale anapomuumiza.

Ubongo wa mtoto unaandika

Jaribu wewe mwenyewe. Fumba macho utafute jambo la kwanza kabisa unalolikumbuka maishani. Lisiwe ulilosimuliwa na mama wala uliloliona kwenye picha, bali ulilolishuhudia. Watu wazima wengi wakijaribu hivyo huishia kwenye umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu. Nyuma ya hapo ni giza. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliandika kuhusu giza hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wataalamu wa saikolojia hadi leo huliita usahaulifu wa utotoni.

Kwa muda mrefu watu walidhani mtoto mchanga hana uwezo wa kuhifadhi kitu. Sivyo. Mtafiti wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, aliwafunga watoto wachanga utepe mguuni, na ncha ya pili akaiunganisha na vinyago vilivyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha mguu, vinyago vinacheza. Watoto walijifunza mchezo huo upesi. Aliporudi kuwapima baadaye, wa miezi mitatu waliukumbuka kwa takriban wiki moja, na wa miezi sita kwa takriban wiki mbili. Kwa mchezo mwingine wa aina hiyo, watoto wa mwaka mmoja na nusu walikumbuka kwa karibu miezi mitatu.

Machi 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha jambo hilo ndani ya ubongo wenyewe. Walipima ubongo wa watoto 26, wa miezi minne hadi miaka miwili, wakiwa macho na wakitazama picha. Kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoitwa hipokampasi, ambayo kwa mtu mzima ndiyo inayohifadhi matukio. Sehemu hiyo ilifanya kazi kwa nguvu zaidi pale mtoto alipotazama picha ambayo baadaye alionekana kuitambua, hasa kwa watoto waliovuka mwaka mmoja.

Kwa hiyo mtoto anaandika. Kazi ni kuyapata tena yale maandishi. Katika miaka ya mwanzo seli mpya za ubongo huzaliwa kwa kasi kwenye hipokampasi, na majaribio ya panya yaliyochapishwa na watafiti wa Toronto mwaka 2014 yalionyesha kuwa seli hizo mpya zinaweza kuvuruga njia za zamani. Tena mtoto huyo hana lugha ya kutosha ya kulifunga tukio kwa maneno. Na hadi kati ya miezi 18 na 24 watoto wengi hata kwenye kioo hawajitambui. Asiyejijua kuwa ni "mimi" ni vigumu kuhifadhi "mimi nilikwenda".

Wanaopanda Uluguru wanajua njia za mguu zinavyokuwa. Njia isiyopitwa, masika moja tu majani yanaifunika. Inayopitwa kila siku hubaki wazi hata kama ni nyembamba. Kumbukumbu ya mtoto mdogo iko hivyo hivyo.

Wale waliokwenda Disney World

Swali la mama yule limewahi kufanyiwa utafiti kwa namna iliyo karibu kabisa na alivyouliza. Mwaka 1991 Robyn Fivush na mwenzake walichapisha kazi yao kuhusu watoto 48 wa Marekani waliopelekwa na familia zao Disney World, bustani kubwa ya michezo iliyoko Florida. Nusu yao walikuwa na miaka mitatu na mwezi mmoja waliposafiri, nusu miaka minne na mwezi mmoja. Baadhi waliulizwa baada ya miezi sita, wengine baada ya miezi 18.

Watoto wote walikumbuka mengi, hata wale wa miaka mitatu, hata baada ya mwaka mmoja na nusu. Tofauti ilikuwa kwenye usimulizi. Wakubwa walisimulia kwa kirefu bila kusukumwa. Wadogo walihitaji kuulizwa tena na tena ndipo watoe kilichomo. Na watoto ambao familia zao zilikuwa zikiizungumza safari ile nyumbani walikumbuka zaidi kuliko wale ambao familia zao zilinyamaza.

Lakini miezi 18 si maisha. Watafiti wengine, Patricia Bauer na Marina Larkina, walifuatilia jambo hili kwa miaka mingi zaidi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014. Waliwarekodi watoto wa miaka mitatu wakizungumza na mama zao kuhusu mambo waliyoyafanya pamoja, kisha wakawauliza mambo yale yale walipokuwa wakubwa. Wenye miaka mitano hadi saba bado walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio hayo. Waliofika miaka minane na tisa walibaki na takriban asilimia 35.

Kwa hiyo, mama, jibu la kweli ni hili. Mwanao akienda Kunduchi mwezi huu, atakumbuka Krismasi. Huenda akakumbuka akiwa darasa la kwanza. Akifika darasa la nne, sehemu kubwa itakuwa imefutika, na akiwa mtu mzima huenda asibaki na kitu, isipokuwa kile ambacho ninyi mtakuwa mmekipitia naye tena na tena kwa maneno.

"Bado mdogo, atasahau"

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao kama jamii tunaukwepa. Tunaposema mtoto mdogo atasahau, mara nyingi hatuzungumzii safari za raha. Tunazungumzia kipigo. Tunazungumzia ugomvi wa baba na mama uliofanyika mbele yake, au msiba ambao mtoto alihamishiwa kwa jirani bila kuambiwa neno. "Hajui kitu huyo." "Kesho atakuwa ameshasahau."

Ni kweli kwamba huenda asiweze kukusimulia akiwa na miaka 20. Lakini mtoto hahifadhi kwa maneno peke yake. Ipo kumbukumbu ya mwili: moyo kwenda mbio anaposikia sauti fulani, kulia anapoona mkanda ukivuliwa, kukataa kuingia kwenye chumba fulani. Kumbukumbu hiyo haihitaji lugha. Mtoto aliyejifunza kwamba watu wakubwa ni wa kuogopwa huendelea kuishi hivyo hata asipojua alijifunza lini.

Mfano ulio karibu zaidi ni sindano. Wangapi kati yetu tumewahi kumwambia mtoto mtukutu, "Nyamaza, daktari atakuchoma sindano"? Mtoto anaikumbuka kauli hiyo. Siku akiwa na homa kali na anatakiwa apimwe malaria, anaanza kulia tangu getini, muuguzi anashindwa kumpima vizuri, na mzazi anaona aibu. Tishio letu wenyewe limegeuka kizuizi cha matibabu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza maumivu wakati wa chanjo, na mengi yaliyomo hayagharimu hata senti. Mzazi amshike mtoto mwenyewe, amkalishe mapajani badala ya kumlaza na kumkandamiza. Anayenyonya anyonyeshwe kabla kidogo ya kuchomwa na wakati anachomwa. Aliyekua kidogo apewe cha kutazama au cha kusikiliza. Usimdanganye kwamba haitauma. Mwambie: "Itauma kidogo, mimi nipo, halafu itaisha." Na mkifika nyumbani msimulie mwisho wake: "Ulilia, nikakushika, ikaisha, tukala ndizi." Mtoto anayesimuliwa hivyo anabaki na hadithi iliyo na mwisho mwema.

Kama mtoto amepita kwenye tukio la kutisha, ajali, moto, kupotea au kupigwa vibaya, mwangalie katika wiki zinazofuata. Akianza kukojoa kitandani ilhali alishaacha, akiota ndoto za kutisha mara kwa mara, akirudia tukio lile kwenye michezo yake bila kuchoka, akikung'ang'ania usiondoke hata hatua moja, na hali hiyo ikipita mwezi mmoja, mpeleke kituo cha afya na ueleze kila kitu. Usisubiri asahau.

Kumbukumbu hujengwa kwa mazungumzo

Sasa tuje kwenye kile unachoweza kukifanya leo bila kufungua pochi.

Nchini New Zealand, Elaine Reese na mwenzake waliwafundisha akina mama wa watoto wadogo namna ya kuzungumza na watoto wao kuhusu mambo yaliyopita. Baadaye watoto wa kundi hilo walisimulia kumbukumbu zao kwa utajiri zaidi. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2000, uliwauliza watu wazima kumbukumbu yao ya kwanza. Wenye asili ya Ulaya walirudi hadi karibu miaka mitatu na nusu. Wamaori, wenyeji wa visiwa hivyo, walirudi hadi umri wa chini ya miaka mitatu. Watafiti wanaihusisha tofauti hiyo na desturi ya Wamaori ya kuyasimulia sana mambo ya zamani ya familia na ukoo.

Hapo Mluguru asijione mgeni. Mtoto wa milimani anajua ukoo wake wa upande wa mama, anajua bibi yake alitokea bonde gani na shamba la ukoo linaishia kwenye jiwe lipi. Hakuna hata moja kati ya hayo alilolishuhudia. Ameambiwa jikoni wakati maharage yanachemka, ameambiwa njiani akienda kuteka maji. Utajiri huo tulikuwa nao kabla ya tafiti, na sasa tunaupoteza kwa kumpa mtoto simu ili atulie.

Namna ya kuzungumza ina maana yake. Wapo wazazi wanaomhoji mtoto kama polisi: "Tulikwenda wapi? Wapi? Si nimekuuliza, wapi?" Mtoto akikosa, mazungumzo yanakufa. Njia nzuri zaidi ni kuuliza swali lililo wazi, kupokea neno lolote analotoa, na kuliongezea nyama. Kwa mfano:

"Jumamosi tulipanda mlimani. Uliona nini, mwanangu?"

"Maji."

"Ehee, maji! Yalikuwa yanashuka kwenye mawe. Yalikuwa ya moto au ya baridi?"

"Baridi!"

"Baridi kweli kweli. Ukatoa mguu haraka, ukamshika baba mkono. Uliogopa kidogo, sivyo? Halafu tukala nini?"

Mtoto katoa maneno mawili tu, lakini hadithi imekamilika. Ina mahali, ina watu, ina hisia na ina kilichofuata. Ukiirudia kesho kutwa, ataongeza neno la tatu. Mtoto asiyejua kusema bado, zungumza naye hivyo hivyo na uyajibu macho na vidole vyake.

Na hapa kuna neno la kiafya. Mtoto aliyefika miezi 18 bila kusema neno lolote lenye maana, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili kama "mama njoo" au "taka maji", apelekwe akapimwe masikio na makuzi yake. Usiridhike na maneno ya "hata baba yake alichelewa kusema". Huenda hasikii vizuri, na mapema ndiyo dawa.

Tahadhari moja: usimtungie. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani, mmoja wao akiwa Elizabeth Loftus, waliwaonyesha watu wazima tangazo la bustani ya Disneyland lenye picha ya sungura wa katuni, Bugs Bunny. Baadaye baadhi yao walidai kwamba utotoni walimpa mkono sungura huyo huko Disneyland. Haiwezekani, kwa sababu Bugs Bunny ni wa kampuni nyingine na hakaribishwi pale. Ikiwa mtu mzima anapandikizwa kumbukumbu kirahisi hivyo, mtoto wa miaka mitatu je? Msimulie yaliyotokea. Hasa katika mambo mazito, kama mtoto amedhuriwa na mtu, usimjazie majibu mdomoni. Muulize kwa swali lililo wazi, msikilize, kisha upeleke jambo hilo kwa wataalamu.

Mlima uko mlangoni

Mzazi wa Morogoro ana bahati ambayo mara nyingi haioni kwa sababu anaiona kila siku. Ukisimama Mji Mpya au Mazimbu, Uluguru iko mbele yako. Njia ya kwenda Choma na Morningside, penye jengo la enzi za Wajerumani, inaanzia mjini. Pale Rock Garden kuna mawe makubwa na maji yanayotiririka. Mwezi Agosti kuna viwanja vya Nane Nane, penye ng'ombe, mbuzi na sungura wa kutazamwa. Anayesafiri kwa basi kwenda Iringa anapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na mtoto aliyekaa dirishani anaweza kuona twiga na tembo bila mzazi kulipa kiingilio.

Sisemi usiende Kunduchi. Kama fedha ipo na haijatoka kwenye chakula, kodi ya nyumba, bima ya afya wala ada ya mkubwa wake, nendeni mkafurahi. Furaha ya siku hiyo ni halali hata isipokumbukwa, kama vile uji wa jana ulivyomjenga ingawa haukumbuki. Ninachopinga ni mkopo. Mtoto wa miaka miwili na miezi kumi hana kipimo cha bei. Kwake beseni la maji uani na bwawa la Kunduchi ni vitu vya familia moja. Kinachomfikia kweli ni uso wako, na uso wa mzazi anayewaza marejesho ya kikoba, anayefoka kwa sababu "tumelipa hela nyingi halafu unalia", unamfikia pia.

Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Inasimama juu ya nguzo tano: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hiyo malezi yenye mwitikio ndiyo mazungumzo niliyoyaeleza hapo juu. Mtoto anatoa, wewe unajibu. Mzazi wa Kinole asiye na nauli ya kufika mjini anaweza kuyafanya sawasawa na mwenye gari.

Mkiamua kupanda mlimani na mdogo, zingatieni machache. Mvalishe sweta, kwa maana ukungu wa huko hushuka ghafla. Bebeni maji yaliyochemshwa, msinywe ya kijito hata kama yanang'aa. Msikae mtoni mvua ikiwa inanyesha juu, kwani maji huongezeka kabla hamjaiona mvua yenyewe. Na mahali popote penye maji, iwe Kunduchi, kijitoni au kwenye beseni, mtoto awe umbali wa mkono wako. Mtoto mdogo huzama kimya kimya, kwenye maji machache, katika muda wa kujibu ujumbe mmoja wa simu.

Tena mwache alale. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu watoto wa miezi sita na 12 ulionyesha kuwa waliopata usingizi wa angalau dakika 30 ndani ya saa nne baada ya kujifunza jambo jipya walilikumbuka, na wasiolala hawakulikumbuka. Ratiba ya kumzungusha mtoto tangu alfajiri hadi usiku "ili hela isipotee" inaipoteza hela yenyewe. Sehemu moja, muda mfupi, chakula, usingizi, na hadithi jioni.

Picha zinasaidia. Lakini picha 200 zilizolala kwenye simu itakayoibiwa au kuharibika si kumbukumbu. Chagua tatu, zisafishwe studio, andika nyuma mahali, tarehe na waliokuwepo, na zibandike pale macho ya mtoto yanapofika.

Kwa mzazi anayeumwa

Nirudi kwa baba yule, na kwa kila msomaji anayesoma safu hii akiwa na faili la hospitali mkononi.

Ndugu yangu, sitakudanganya. Mtoto wa miaka miwili na nusu akiachwa na watu wasiomtaja baba yake, kuna uwezekano mkubwa asibaki na sura wala sauti yako. Lakini hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba mtoto huyo huyo, akizungukwa na watu wanaokutaja, atakua akikujua.

Jirani zetu wa Uganda walilifanyia kazi jambo hili wakati mgumu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zikiwa bado hazijawafikia wengi, akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi hivyo, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Mama aliandika alikotoka, wazazi wake ni nani, mtoto alizaliwa siku gani, alianza kutembea lini, alipenda chakula gani, na yeye mama anamtakia nini. Wengine waliandika na watoto wakiwa pembeni, na kwa njia hiyo waliweza kuwaambia kuhusu ugonjwa wao, jambo ambalo walikuwa wameshindwa kulitamka kwa miaka.

Unaweza kuanza na daftari la shule. Andika ukurasa mmoja kwa wiki. Andika jina alilopewa na sababu yake. Andika siku mliyokwenda sokoni akakataa kutoka kwenye mgongo wako. Rekodi sauti yako ukimwimbia au ukimwita, na nakala uiweke kwa mtu mwingine, isibaki kwenye simu moja. Chagua mtu mmoja au wawili, shangazi, mjomba, rafiki, uwaambie waziwazi: "Nakukabidhi kumsimulia."

Kitabu hicho si cha kifo. Dawa za Ukimwi zilipoanza kupatikana kwa wingi, hesabu za wazazi wengi zilibadilika, na saratani kadhaa leo hutibika zikiwahiwa. Endelea na dawa, usiruke kliniki, uliza unapoona mabadiliko. Ukipona, daftari hilo litakuwa zawadi ya harusi ya binti yako. Na mzazi mzima wa afya, wewe nawe liandike. Hakuna aliyepewa hati ya kuishi.

Mwisho kuna jambo moja ambalo mtoto hubaki nalo bila daftari. Mtoto aliyebebwa alipolia, aliyejibiwa alipoita, aliyetazamwa usoni alipocheka, hujenga imani kwamba watu wanategemeka na kwamba yeye anapendeka. Hataweza kusema alijifunza siku gani wala kwa nani. Ataitumia shuleni, kazini na kwenye ndoa yake. Baba, hilo umeshalianza, nililiona pale kwenye benchi.

Mama yule alipotoka ndani, uzito wa mtoto ukiwa mzuri kwenye kadi, nilimjibu kwa kifupi hiki nilichokiandika hapa kwa kirefu. Alifikiri kidogo, akasema huenda wakasubiri mpaka mtoto afike miaka mitano, na kwamba Jumamosi watapanda Choma na mihogo yao ya kuchemsha. Kisha akamwinua mwanawe kutoka kwenye benchi, akamuuliza: "Haya baba, humo ndani umeona nini?"

Mtoto akafikiri. "Mzani," akasema.

"Ehee. Ulipanda juu yake?"

Wakaondoka wakizungumza.